Tupeane uzoefu: Uliyepitia Tuzo ya vijana, nini kimebaki nawe mpaka leo?

Ndugu zangu, mwanangu yuko S.2 (kidato cha pili) hapa Jinja, Uganda, na ameleta fomu ya Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh. Kwa wasioijua: Mwanamfalme Philip aliianzisha Uingereza mwaka 1956, sasa iko nchi nyingi. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24, ngazi zake ni Shaba, Fedha na Dhahabu. Hakuna kushindana. Kijana anajiwekea lengo lake katika huduma, ujuzi na mazoezi ya mwili, halafu anakwenda safari na wenzake. Shaba huchukua miezi 6 au zaidi, wastani wa saa moja kila wiki.

Baba yake anauliza itamsaidia nini wakati mtihani ndio unaoangaliwa. Mimi nilifika Fedha, na ujuzi wangu ulikuwa ushonaji. Fundi wa sokoni aliyenipokea alikuwa akipitisha kidole kwenye mshono, akiukuta umepinda ananipa wembe nifumue, hata kama ni upindo wa ndani usioonwa na mtu. Leo nashona sare za shule, na karo ya mtoto huyu inatoka kwenye cherehani hiyo. Wengine je?

Wa Mbale: Mama, mruhusu. Safari yetu ya Shaba, siku mbili na usiku mmoja, ilikuwa juu ya mlima Wanale. Kundi lenyewe ndilo hupanga njia, chakula na malazi, msimamizi yuko mbali kidogo. Mvua ilitukuta tukipika posho (ugali), kuni zikalowa, wakubwa wakaanza kulaumiana. Binti mmoja mpole, ambaye darasani hasemi, akagawa kazi: wewe shika turubai, wewe chonga kuni mpaka upate pakavu. Tukala. Tangu siku hiyo nikiwa na kikosi cha ujenzi, kwanza namtafuta aliye kimya nimsikilize.

Wa Lira: Huduma yangu ilikuwa kituo cha afya, siku za chanjo. Kupanga foleni ya kina mama, kuandika kadi, kushika watoto kwenye mizani. Nilizoea kilio cha mtoto na hofu ya mama yake kabla sijasomea chochote. Sasa ni mkunga.

Wa Kampala: Niseme ukweli, cheti peke yake hakikunipa kazi. Kwenye usaili waliniuliza nimefanya nini kwa muda mrefu bila kulipwa, na nilikuwa na la kueleza. Dhahabu pia inataka ukae siku 5 na usiku 4 ukifanya kazi na watu usiowajua. Mmoja wao ndiye mshirika wangu wa biashara.

Wa Busia: Mimi niliacha shule, nikadhani haya ni ya watoto wa bweni tu. Kumbe kijana yeyote wa umri huo anaruhusiwa! Inaniuma kwamba huku mpakani vijana wa boda na wa sokoni hawaambiwi. Wenye uzoefu, anzisheni vikundi nje ya shule.

Mwanzilishi wa mada: Asanteni sana. Nimemsomea baba yake yote, fomu ametia sahihi. Mtoto amechagua mpira kwa mazoezi, na kwa ujuzi anataka ufugaji nyuki. Mwenye mizinga karibu na Jinja anayeweza kumpokea Jumamosi, tafadhali aniandikie.