Haibridi kunywa mafuta sana kwenye baridi, na breki kutochaji asubuhi

Wakuu naombeni msaada, gari yangu haibridi (ya injini ya mafuta na mota ya umeme) kipindi cha joto iko poa ila baridi ikianza inakunywa mafuta balaa, afu asubuhi nikiachia mafuta kwenye mteremko mshale wa kuchaji haupandi kabisa. Betri ndo inakufa?

— Haijafa mkuu. Betri ikiwa ya baridi inapokea chaji kidogo, hasa ya lithiamu, ukiichaji kwa nguvu chini ya nyuzi 0 inaharibika, so kompyuta ya gari inazuia mota isiichaji unapopunguza mwendo, na kazi ya kusimamisha inabaki kwa pedi za kawaida za breki. Ikishapata joto mshale utapanda.

— Na hita je? Gari nyingi inachota joto la maji ya injini, ukiiwasha injini haizimi hata kwenye foleni, mafuta yanaishia hapo. Safari fupi fupi ndo mbaya zaidi. Kama una hita ya kiti anza na hiyo. Upepo wa tairi pia, joto likishuka nyuzi 5 au 6 tairi inapoteza kama psi 1 (kipimo cha upepo).

— Ila betri ikishapata joto na bado haichaji, au taa ya onyo imewaka, usisubiri, fundi aisome kwa mashine.

— Asanteni sana, kesho napima upepo kabla sijawasha gari.