Atrazini ile ile, mashamba mawili: kwa nini maharage yameungua Kahe na kustawi Kibosho?

Mkulima wa Kahe:
Habari za kazi, ndugu wakulima. Nina kihamba (shamba la nyumbani) Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na shamba la bondeni huku Kahe. Wakati wa masika nilipuliza atrazini, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi ya sehemu zote mbili, kutoka kopo moja na kwa kipimo cha kwenye lebo. Novemba nilipanda maharage. Ya Kibosho yamestawi. Ya Kahe yaliota vizuri, lakini baada ya wiki tatu majani ya chini yakageuka manjano kuanzia kingoni na kukauka, ilhali majani machanga yamebaki ya kijani. Jirani ananishauri nimwage majivu ili dawa ife. Naomba ushauri wenu.

Bwana shamba mstaafu, Arusha:
Ndugu, tafadhali usimwage majivu. Atrazini hufyonzwa na mizizi, hupanda na maji na kujikusanya kwenye majani makongwe, ndiyo maana hayo hutangulia kuungua. Kwa wastani hupungua nusu kwa takriban siku 60, lakini wastani huo hudanganya, kwa kuwa udongo ndio unaoamua. Udongo wa volkano wa Kibosho una mboji nyingi na tindikali kiasi, hivyo huing'ang'ania dawa, na tindikali yenyewe husaidia kuivunja. Huko Kahe, ambako maeneo mengi yana magadi, yaani udongo wa alkali, kinyume cha tindikali, dawa haishikwi sana, huvunjika polepole, na kiangazi kikiukausha udongo vijidudu vinavyoila hulala. Majivu huongeza alkali, kwa hiyo yangeirefushia maisha. Wengi hudhani viuagugu vyote ni sawa, kumbe glaifoseti hunata kwenye udongo wa mfinyanzi kiasi kwamba ni nadra kuzuia mbegu zinazofuata.

Mama wa Mabogini:
Shikamoo bwana shamba, nakubaliana nawe kuhusu majivu, ila naomba tusiihukumu dawa mapema. Maharage hayavumilii chumvi, na chumvi nayo huunguza kingo za majani. Mimi mwenyewe niliwahi kulaumu dawa msimu mzima, kumbe juu ya matuta kulikuwa na utando mweupe ambao sikuujali. Ndugu yangu wa Kahe, chukua makopo sita yaliyotobolewa chini. Matatu yajaze udongo uliopulizwa, matatu udongo wa shamba hilohilo ambao haukuguswa na dawa, wote wa kina cha kiganja. Usitumie udongo wa Kibosho kulinganisha, maana hautakuambia lolote kuhusu chumvi. Panda maharage matano kila kopo, mwagilia maji yale yale, usubiri wiki tatu. Yakiungua yote, tatizo ni chumvi.

Mkulima wa Kahe:
Nashukuruni sana. Mama, hoja yako imenirudisha shambani leo asubuhi. Kando ya mfereji kuna mistari minne ambayo sikuipuliza kwa sababu bomba liliishiwa dawa. Maharage ya hapo ni ya kijani hadi jani la chini kabisa, na mstari wa tano unaanza kuungua.

Bwana shamba mstaafu, Arusha:
Marahaba, mama, umegusa jambo la msingi. Ndugu, mistari hiyo minne inaelekeza kwenye dawa, lakini makopo bado uyapande, kwa kuwa maji ya mfereji huenda yaliosha chumvi hapo. Wakati huohuo weka samadi iliyoiva, na masika ijayo rudisha mahindi bila atrazini. Maharage yasubiri hadi yakue salama koponi.