Ushauri: kuzaliwa kwa chembe ndani ya f(R,T), niendelee au nibadilishe mada?

Binti_Mbarara
Habari zenu wanajukwaa. Naandika tasnifu ya shahada ya pili ya fizikia. Nataka kueleza kwa nini upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi, jambo lililogunduliwa mwaka 1998 kwa supanova (nyota zinazolipuka), bila kutumia nishati ya giza, ile nishati isiyojulikana inayodhaniwa kusukuma upanuzi. Nimechukua nadharia ya mvutano ya f(R,T) ya Harko na wenzake (2011), ambamo R ni mpindo wa anga-wakati na T ni kipimo cha maada, nikaongeza juu yake kuzaliwa kwa chembe kwa njia ya Prigogine, inayouchukulia ulimwengu kama mfumo wa thermodinamiki ulio wazi. Msimamizi kaniuliza: chembe hizo zinatoka wapi? Jibu nililompa halikumtosha. Nibadilishe mada?

Mwalimu_Jinja
Usibadilishe, dada. Jibu limo humo humo. Kwa Einstein nishati ya maada inahifadhika. Katika f(R,T) kwa kawaida haihifadhiki, maana maada imefungamanishwa na jiometri. Pengo hilo ndilo husomwa kama nishati inayotoka kwenye uga wa mvutano na kuwa chembe.

Kinachonisumbua ni hilo neno lako "nikaongeza". Ukijichagulia Γ (kasi ya kuzaliwa kwa chembe) wakati mlinganyo tayari una pengo, unahesabu kitu kimoja mara mbili. Andika ρ̇ + 3Hρ = Γρ kwa maada isiyo na shinikizo (ρ ni msongamano wake, H ni kasi ya upanuzi), uache nadharia yenyewe ikupe Γ. Kisha punguza kizidishi cha T hadi sifuri: Γ nayo lazima ifike sifuri. Isipofika, rudi kwenye hesabu.

Nyota_Arua
Naunga mkono, ila msomeni pia Fisher na Carlson (2019). Wanasema f(R,T) ikigawanyika kuwa f₁(R) + f₂(T), sehemu ya T ni maada ile ile iliyoandikwa upya. Harko na Moraes waliwajibu. Mtahini akilijua hilo atakubana, kwa hiyo liandikie sura mapema.

Binti_Mbarara
Asanteni sana. Na data je? Nina laptop ya kawaida, na umeme hapa unakatika.

Mwalimu_Jinja
Inatosha. Chukua supanova za mkusanyo wa data wa Pantheon+ na vipimo vya H(z), yaani kasi ya upanuzi katika nyakati mbalimbali, programu ihifadhi matokeo kila baada ya hatua kadhaa. Lakini usiishie kwenye upanuzi. Kuna modeli za kuzaliwa kwa chembe zinazotoa H(z) sawa kabisa na ya nishati ya giza, na hapo supanova hazitakusaidia kuzitenganisha. Pima ukuaji wa makundi ya galaksi pia. Mpelekee msimamizi mlinganyo wa Γ kwanza, kabla ya grafu yoyote.