Barabara ya Tunduma: tuendelee na lami au tumwage zege?

Kokoto Nne: Wakuu, kwenye barabara ya Dar–Tunduma, sehemu za milima na za foleni, lami imebonyea njia za matairi mpaka gari dogo kama IST inakwangua tumbo katikati. Wanaweka viraka, mvua ikipiga tu tunarudi palepale. Kwa nini vipande hivyo tusimwage zege kama njia ya mwendokasi pale Morogoro Road? Saruji tunazalisha wenyewe, Wazo, Tanga, Mbeya. Lami tunaagiza nje.

Mchanga wa Ruvu: Zege likipasuka unakata bamba zima na kusubiri likomae, foleni mnaijua. Lami siyo tatizo, tatizo ni lami ya aina gani. Juani uso wake unafika nyuzi 60, unalainika. Lori likipanda mlima Kitonga mwendo wa kinyonga, tairi linakandamiza sehemu moja muda mrefu, lazima ibonyee. Weka lami yenye polima, ile iliyochanganywa na kitu kama mpira isilainike, kokoto zenye pembe zinazoshikana, shindilia ipasavyo, chimba mifereji. Halafu madereva waache kunyonya dizeli na kuimwaga barabarani, dizeli inayeyusha lami.

Mtu wa Trela: Eti tunanyonya dizeli. Mkuu, umewahi kulala kwenye foleni ya mizani na chapati mbili, bosi anapiga simu kila saa? Tukibonyeza barabara ni sisi, mkandarasi akichakachua kokoto pia ni sisi?

Mchanga wa Ruvu: Sijasema wote.

Mtu wa Trela: Umeandika "madereva". Soma ulichoandika.

Dada Chalinze: Kaka zangu, dizeli ni kisingizio. Shida ni uzito. Mnakumbuka Magufuli akiwa waziri wa ujenzi alifuta ule msamaha wa lori kuzidisha uzito kwa asilimia 5 kwenye mizani? 2012 kama sikosei. Malori yakagoma, Waziri Mkuu Pinda akaurudisha.

Mzee Kipara: Oktoba 2013, binti yangu. Na kelele zote zile kwa asilimia 5! Kitu gani hicho?

Mchanga wa Ruvu: Shikamoo mzee. Ni kitu. Wamarekani walijaribu kule Illinois mwishoni mwa miaka ya 50: uharibifu unapanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu), yaani uzito × uzito × uzito × uzito. Zidisha asilimia 5, uharibifu unaongezeka kama asilimia 21. Ekseli ya tani 10 ukiipakia 13, inaumiza barabara karibu mara tatu.

Mzee Kipara: Marahaba. Illinois kuna baridi na theluji. Mikumi kuna jua na tembo.

Mtu wa Trela: 😂😂 Mzee umemaliza. Mimi nabeba shaba ya Kongo. Ukiangalia trela unadhani tupu, kumbe yale mafungu ya mabamba ya shaba yamekaa chini pale na ndiyo mzigo wote. Jumla haivuki tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki, ila wakipakia nyuma kidogo ekseli za mwisho zinazidi. Nani alipakia? Mimi? Nakuta trela limeshafungwa turubai.

Dada Chalinze: Hapo umesema la maana, ila kuna mizani nimeona kwa macho yangu lori limezidi, dereva ameshuka na bahasha, dakika tano yuko njiani.

Mtu wa Trela: Dada, bahasha inatoka kwa tajiri. Mimi mshahara wangu hauijazi.

Kokoto Nne: Jamani, nimeuliza zege au lami.

Mzee Kipara: Wala zege wala lami. Shaba irudi kwenye reli ya TAZARA. Kilomita 1,860, tuliijenga na Wachina mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, uwezo wake tani milioni 2 kwa mwaka, leo inasinzia na sisi tunabishana na kokoto.

Mtu wa Trela: Mzee, na sisi tukale wapi?

Mzee Kipara: Si umesema foleni za mizani zinakutesa?

Dada Chalinze: Nyie wawili mnajuana nje ya hapa, siyo bure.

Mchanga wa Ruvu: Hata treni ikija, mafuta na vyakula vitapita barabarani. Basi tuanze na kupima kila ekseli pale mgodini, kabla turubai halijafungwa.

Mtu wa Trela: Sawa. Ila futa ile ya dizeli.