Kuhamisha miche ya mboga kwenda kwenye ndoo na viroba: tupeane uzoefu

Mkulima wa Ndoo: Wakuu, nyanya huhamishwa ikiwa na majani halisi 4 hadi 6, yaani wiki ya 4 au ya 5. Ikichelewa, mizizi inajizungusha kwenye kikopo na mche unadumaa. Ndoo ya lita 20 itobolewe matundu 5 au 6 chini. Udongo sehemu 2, samadi iliyooza 1, mchanga 1. Ongezeeni.

Kibarazani: Na kokoto chini, maji yatoke.

Hoho Nyekundu: Kokoto za nini? Maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe chepechepe. Hapo umewapunguzia mizizi nafasi tu. Kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha.

Kibarazani: Mbona kila mtu anaweka?

Hoho Nyekundu: Na kila mtu analalamika mizizi kuoza.

Mama Mchicha: Mnagombania kokoto wakati muuaji ni samadi ya kuku mbichi! Inapanda joto na kutoa amonia. Jioni mche umesimama vizuri. Kesho mchana kingo za majani zimeungua, ukiufukua mizizi iliyokuwa myeupe imekuwa kahawia. Watu wanadhani ni kiu, wanazidisha maji, wanamalizia kuua. Ingiza mkono katikati ya rundo: ukisikia joto, au harufu inachoma pua, iache iendelee kuoza. DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, nayo ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo, kisha udongo kidogo juu yake ndipo uweke mche. Isiguse mizizi.

Jirani wa Bustani: Kweli tupu.

Fundi Miche: Mwagilieni saa moja au mbili kabla ya kuhamisha, mche utoke na bonge lake la udongo. Shikeni jani, si shina: jani likikatika litaota jingine. Nyanya zikeni shina karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi. Kabichi msifukie moyo wake.

Mama Mchicha: Hoho ibaki kina kilekile cha kitaluni.

Kibarazani: Sota, wale viwavi wa udongoni, wanakata shina usiku. Majivu kuzunguka mche.

Hoho Nyekundu: Majivu yakilowa hayana kazi. Viringisha karatasi ngumu kwenye shina, sentimita 3 chini ya udongo na 5 juu.

Jirani wa Bustani: Na karoti je?

Fundi Miche: Karoti haihamishwi, itakutokea na miguu mitatu. Sia humo humo kwenye ndoo, kisha punguza.