Naomba ushauri: mdogo wangu asaini mkataba huu au abaki ridhaa?

Wakuu, habari zenu.

Mdogo wangu ana miaka 22, yupo Dar, anapigana MMA (mapigano mseto ya ngumi, mateke na mieleka) uzito wa kilo 61. Ridhaa kapigana mara 7, kashinda 6, nne kwa kabali. Katokea kwenye judo, akikufikisha chini umekwisha. Ngumi za kusimama bado, hilo nakiri ingawa ni damu yangu.

Sasa promota mmoja wa nje kamletea mkataba wa kulipwa, mapambano manne. Tatizo ni kipengele kinachomzuia kupigana kwingine kwa miaka mitatu, hata wao wasipompa pambano! Tumeomba wapunguze uwe mwaka mmoja, wamegoma. Video tumetuma EFC, kampuni ya mapambano ya MMA ya Afrika Kusini, kimya. Dogo anaitaka sana njia hiyo kwa sababu mpiganaji wa Afrika Kusini Dricus du Plessis alikuwa bingwa pale kabla ya kuingia UFC, kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, mwaka 2020.

Naomba kujua kwa waliopitia: kipengele cha namna hiyo ni cha kawaida, au tunafungwa kamba? Na kwa rekodi yake, aingie kulipwa sasa au kwanza atafute mashindano ya ridhaa ya IMMAF, shirikisho la kimataifa la MMA?

Wanataka jibu Ijumaa.