Kifafa na posa: upande wa mwanaume waambiwe lini, na waambiweje?

Mwana_Ujiji:
Wakuu, habari za jioni. Binti ana kifafa, anatumia dawa yake, kabamazepini, mwaka wa pili huu hajaanguka. Barua ya posa imeshafika. Shangazi zake wanataka lifichwe mpaka ndoa ipite, maana Kigoma hii habari ikitoka hata wadogo zake hawataposwa. Kijana bado hajui. Tufanyeje? Na watoto watarithi?

Mshenga_Mstaafu:
Waambieni kabla barua haijajibiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inakitaja kifafa waziwazi: mahakama inaweza kubatilisha ndoa ikiwa mmoja wao alikuwa akishikwa na kifafa mara kwa mara wakati wanaoana. (Wamekiweka sentensi moja na wazimu. Aibu tupu.) Ila mlalamikaji lazima awe hakujua siku ya ndoa, na afungue shauri ndani ya mwaka mmoja. Kijana akishajua, hoja hiyo hana tena. Shangazi wanadhani wanamlinda binti, kumbe wanampa mume silaha.

Binti amwambie kijana mwenyewe kwanza, wawili tu. Baada ya hapo mshenga aende kwa baba na mama wa kijana, si kwenye kikao cha ukoo. Alitaje jina: kifafa. Ukisema "huwa anapata kizunguzungu" utahesabiwa mwongo siku wakigundua. Na wakianza kuomba mahari ipunguzwe kwa ajili ya ugonjwa, msikubali. Punguzo hilo litageuka simango maisha yake yote.

Nesi_Mwanga:
Kurithi kunategemea chanzo. Kifafa kilichotokana na malaria kupanda kichwani, mtoto kuchelewa kulia alipozaliwa, jeraha la kichwa au mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo hakirithiwi. Zipo aina zinazotembea kwenye familia, lakini hata huko watoto wengi hawapati. Povu ni mate tu, halimwambukizi mtu. Imani hiyo ndiyo inayofanya watu wamkimbie mgonjwa aliyeangukia mafigani au ziwani.

Kuna jambo wachumba hawaambiwi. Kabamazepini hulifanya ini livunje homoni haraka, kwa hiyo vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vinaweza kushindwa kazi. Kitanzi au sindano ya miezi mitatu ni salama zaidi kwake. Wakitaka mtoto, aende kliniki kabla ya kushika mimba, aanze vitamini ya foliki asidi 5 mg kila siku. Dawa ya kifafa asiiache hata akiwa mjamzito. Degedege mfululizo ni hatari kwa wote wawili. Dawa ya kifafa inayoepukwa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ni valproeti. Kunyonyesha anyonyeshe.

Mwana_Ujiji:
Ahsanteni sana. Shangazi wanauliza, je akiangukia ukweni?

Nesi_Mwanga:
Mfundisheni mume na mama mkwe mapema. Waondoe vitu vya moto na vyenye ncha, waweke khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, waangalie saa. Mtikisiko ukipungua wamlaze ubavu ili mate yatoke. Kijiko mdomoni hapana, huvunja meno. Kumnusisha kiberiti hapana. Kumshikilia kwa nguvu hapana. Mtikisiko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, ni hospitali.

Nyumbani apikie jiko lililoinuliwa lenye kizuizi badala ya mafiga ya chini, na asiende kuoga au kufua ziwani peke yake.

Tena kuficha kwenyewe huangusha mtu. Bibi harusi anayeficha vidonge chini ya godoro huruka dozi kila mgeni akiwepo chumbani, na kuikatisha ghafla dawa hii huleta degedege. Kwa kuwa hospitali nyingi huhudumia kifafa kitengo cha afya ya akili, wengine hukwepa kliniki wasiitwe vichaa. Aombe dawa za miezi miwili kwa mkupuo, na afuate nyingine wiki moja kabla hazijaisha.

Mshenga_Mstaafu:
Umesema kweli, nesi. Kijana afuatane naye kliniki mara moja kabla ya mahari, aulize maswali yake mwenyewe.

Nesi_Mwanga:
Na juma la harusi mlichunge: kukesha na kuruka dozi ndivyo vinavyoamsha kifafa kilichotulia. Alale usiku wa kuamkia ndoa, ngoma ipigwe nyumba nyingine. Kidonge cha jioni matroni awe nacho kwenye pochi.